Muulize Mwalimu: Wangu washakuwa ng'onda, ntawakunja vipi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mtu wa Tanga ila niko Houston, Texas, mwaka wa tisa huu. Mkubwa wa kiume ana miaka 15 yuko gredi ya 10, mdogo ni binti ana 13 yuko gredi ya 8. Tangu mwaka jana binti kila Jumapili usiku tumbo linamuuma, Jumatatu asubuhi anatapika, hospitali wamempima wanasema mtoto mzima, kumbe kuna kikundi cha wasichana shuleni kinamsema nywele zake na anavyotamka maneno na wamemfungulia hadi grupu la kumcheka kwenye simu, nimeenda ofisini mara nne najazishwa fomu tu narudi nyumbani. Kaka yake hana ugomvi na mtu, yeye amekata tamaa tu, anakaa nyuma ya darasa na simu, maksi zinaporomoka, ananiambia mama mi pale napoteza muda.

Kazini kuna mama Mnaijeria anasomesha wanawe nyumbani na wanaenda vizuri, kila siku ananiambia jaribu. Mwalimu naogopa. Mimi form four, hesabu nilipata F. Nafanya kazi usiku nyumba ya kulea wazee, siku nne kwa wiki, baba yao anaendesha lori anaweza kukaa barabarani hata siku kumi. Alafu watu watasema nini, nimevuka bahari ili watoto wasome halafu mimi huyohuyo nawatoa shule? Na kila ninayemuuliza ananipa ule wa samaki mkunje angali mbichi, eti ningeanza wakiwa wadogo. Wangu sio wabichi tena Mwalimu, washakuwa ng'onda, samaki wakavu. Nianze au niache?

Mama Ng'onda, Houston

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye ng'onda nimecheka peke yangu jikoni, ila we mtu wa Tanga bwana, unajua kabisa ng'onda haikunjwi, ng'onda unailoweka kwanza. Hilo la kuloweka ntalirudia, mana ndo wanapokosea wengi na mimi nikiwa wa kwanza.

Nianze na hiyo F yako ya hesabu mana naona ndo imekukaba koo. Mimi nilifundisha sekondari Morogoro miaka kumi na moja kabla sijaja huku, na nilipowatoa wanangu shule wa kwanza alikuwa na 14, na nakwambia kweli, ualimu wangu ndo ulionichelewesha. Nilinunua ubao mweupe nikaupigilia sebuleni, nikaandika ratiba ya vipindi vya dakika arobaini, nikatafuta na kengele, ile ya mkononi, niliipata kwenye duka la mitumba. Wiki ya tatu mkubwa akajifungia chooni akakaa humo mpaka kipindi cha fizikia kikaisha. Nilikuwa nimeihamisha shule nyumbani, tena shule ya kwetu ya zamani, imekosekana fimbo tu. Mama wa form four ambaye hajui kufundisha hawezi kufanya huo ujinga, kwa hiyo hapo umenizidi.

Mtoto mdogo ndo anahitaji mtu akae naye amshike mkono aandike a, e, i. Mtoto wa 15 anajua kusoma, anajua kutafuta kitu, anachohitaji ni mtu wa kuhakikisha kazi inafanyika na inafundishwa na mtu anayeijua. Wewe jione kama mwenye shughuli. Kwenye harusi mwenye shughuli hapiki pilau, hapambi ukumbi, taarabu haimbi yeye, lakini mpishi akichelewa anayepiga simu ni yeye na wali ukiungua anayeulizwa ni yeye. Algebra atafundishwa na video za Khan Academy ambazo ni za bure, au na kijana wa chuo mnayemlipa saa moja kwa wiki, au na mwalimu wa koleji, nakuja huko. Kazi yako ni kukaa pembeni na chai yako umwambie haya nieleze hili swali mimi sijui kitu. Na wewe hujui kweli, ndo raha yake. Mimi nilikuwa najua, kwa hiyo mtoto akikwama tu nilikuwa namalizia jibu, hajifunzi. Mtoto akiweza kumweleza mama yake aliyepata F mpaka mama akaelewa, hiyo mada imekwisha. Na mwisho wa mwaka unaweza kujikuta na wewe F imekutoka, nimeona wamama wa hivyo wawili.

Sasa sheria, mana watu wetu wengi wanaogopa hapa, wanaona kama watakuja kunyang'anywa watoto. Kwa Texas uko kwenye jimbo jepesi kuliko mengi. Mahakama Kuu ya Texas mwaka 1994, kesi ya Leeper dhidi ya wilaya ya shule ya Arlington, iliamua kwamba kusomesha nyumbani ni sawa na shule binafsi. Umri wa lazima wa kusoma ni miaka 6 hadi 19, lakini mzazi wa nyumbani hajiandikishi serikalini, hadaiwi cheti cha ualimu, watoto hawafanyi ule mtihani wa jimbo, na hakuna idadi ya masaa wala siku iliyopangwa. Kinachotakiwa ni usomeshe kweli sio kwa kuzuga, uwe na mtaala unaoonekana, vitabu au programu ya kwenye kompyuta, na ndani yake viwemo vitu vitano: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Basi. Sayansi na historia haziko kwenye hiyo orodha ila usije ukaziacha, chuo watazitaka.

Kosa la kisheria wanalofanya watu ni moja, wanaacha tu kumpeleka mtoto. Usifanye hivyo hata kwa siku mbili, shule itahesabu utoro na hapo ndo barua za vitisho zinapoanza. Andika barua fupi, tarehe, jina la mtoto, kwamba kuanzia tarehe fulani namtoa na atasomeshwa nyumbani, weka saini, itume kwa imeili ili ubaki na ushahidi, na umtoe siku ileile uliyoandika. Wakikuandikia kuomba uthibitisho waandikie tena kwamba mnafuata mtaala wenye yale masomo matano, inatosha. Wakikuita ofisini kujaza fomu nyingine, wewe umeshajaza fomu mara nne, sio lazima uende. Ila omba rekodi zote za masomo za watoto wote wawili kabla hujafunga huo mlango.

Alafu kuna kitu umeandika kwa pamoja ambacho mimi naona ni vitu viwili. Binti na kaka yake sio kesi moja.

Binti yuko gredi ya 8. Maksi za gredi ya 8 kwa kawaida hazifuati mtu chuoni, maksi za sekondari zinaanza kuhesabiwa gredi ya 9, kwa hiyo huyu hata akipoteza miezi hamna kitu kinaharibika, na mtoto anayetapika kila Jumatatu kule darasani hasomi hata hivyo, anasubiri kengele. Huyu mimi ningemtoa wiki hii. Na ungemtafutia mtu wa kuongea naye, mshauri anayejua watoto, mana tumbo litapoa akikaa nyumbani lakini yale maneno waliyomwambia hayatoki kwa kubadilisha chumba cha kusomea. Na hilo grupu la simu lipigie picha zote uhifadhi hata kama mmeondoka.

Kijana ni habari nyingine. Yuko gredi ya 10, anakusanya krediti, yaani pointi za kila kozi anayoimaliza, shule za umma za Texas mhitimu anatakiwa awe na krediti 22 na wengi wanaenda hadi 26, na kozi ya muhula mmoja ni nusu krediti. Ukimtoa sasa hivi Oktoba zile nusu zote anaziacha mezani kama mtu aliyepika akaondoka kabla ya kupakua. Kwa hiyo yeye amalize muhula wa Desemba, achukue rekodi yake, atoke Januari. Na kuna jambo la kumwambia wazi kabla: akitoka gredi ya 10 halafu mwakani akataka kurudi, wilaya ya shule hailazimiki kuzipokea tu krediti ulizompa wewe mezani kwako, wanaweza kumpa mitihani kwanza, na wengine wamejikuta wanarudia. Mlango wa kurudi upo ila ni mwembamba. Kwa mtoto wa gredi ya 4 hilo sio tatizo, kwa huyu ni tatizo, ndo sehemu ambayo wanaosema umechelewa wana ukweli kidogo na mimi sitakuficha.

Na muulize. Hujaniandikia popote kama umemuuliza. Amesema napoteza muda, hajasema nitoe. Kaa naye kwenye gari, watoto wa kiume wanaongea vizuri kwenye gari mana hamtazamani usoni, muulize ungekuwa na siku yako yote ungesoma nini, na marafiki je, na mpira je kama anacheza. Mpira wa shule Texas tangu 2021 sheria iliruhusu wilaya kuwapokea wa nyumbani kwenye mashindano, na tangu 2025 wilaya inawapokea isipokuwa ikiamua yenyewe kukataa, kwa hiyo uliza yenu kwanza, isipokubali kuna klabu za mtaani. Akisema anataka kubaki shule, abaki, uanze na binti peke yake, hamna sheria inayosema lazima watoke wote.

Kazi yako ya usiku. Hapa ntakuwa mkali kidogo mdogo wangu. Siku nne unalala mchana, baba hayupo, watoto wawili wana intaneti na friji. Kama mpango ni kwamba watasoma wenyewe we umelala, usianze, kwa sababu hapo hujasomesha nyumbani, umewaacha nyumbani. Lakini angalia masaa yako vizuri. Mtoto mkubwa mmoja mezani, hakuna kupanga foleni, hakuna mwalimu kunyamazisha watu, masaa matatu manne ya kazi kweli kwa siku yanatosha, na hayadaiwi yawe asubuhi. Ukitoka kazini saa moja asubuhi ukalala mpaka saa nane, darasa lenu ni saa nane na nusu mpaka saa kumi na mbili, ukiwa macho. Asubuhi yao ni ya kusoma vitabu, kufua, na kupika kile mtakachokula. Siku zako tatu za mapumziko ndo za maktaba na mambo ya nje. Na kadi ya maktaba ya kaunti ni bure, kwenye simu mnapata hadi vitabu vya kusikiliza, binti anaweza kusikiliza kitabu kizima akisukwa nywele.

Muulize huyo mama Mnaijeria kama yuko kwenye kikundi. Huku wazazi wanaosomesha nyumbani wanajikusanya, mara moja au mbili kwa wiki, mmoja anafundisha kemia, mwingine uandishi, mwingine anapika tu na kulinda watoto wadogo, hakuna anayefanya yote. Hapo ndo binti atapata marafiki bila korido za shule. Vingine ni vya kanisa kabisa na wanasali kwa kila kitu, kama nyie Waislamu uliza kwanza, mjini Houston hutakosa vya aina yenu.

Haya, kuloweka. Ukimtoa mtoto Ijumaa usimwekee kitabu Jumatatu. Wenye uzoefu wanasema umpe mwezi mmoja wa kupumzika kwa kila mwaka aliokaa shule, mimi naona kwa mtoto wa sekondari hiyo ni ndefu mno, utafika gredi ya 12 bado mnaloweka. Wiki nne hadi sita. Alale, atembee, apike na wewe mkate wa mofa, asome anachotaka hata kama ni katuni, na wewe muda huo huo ukae kimya, hapo ndo shida, mana mwalimu ndani yako na shangazi zako wote watakuwa wanakupigia kelele kichwani kwamba mtoto anaharibika. Unachotazama ni siku atakayokuuliza swali ambalo hukumtuma. Wangu aliuliza kwa nini mkate wa ngano unaumuka na wa muhogo hauumuki. Tulikaa na chachu wiki tatu. Hiyo niliiandika kwenye daftari: baiolojia.

Daftari hilo usilidharau. Kwa mkubwa unaandika kila kitu, kozi gani, vitabu gani, masaa mangapi, alipata nini, mana Texas anayetoa diploma na transkripti, ile orodha ya kozi na maksi, ni mzazi, wewe, kwa saini yako. Najua unasema hee, mimi form four nimpe mtu diploma? Ndio, na sheria ya Texas inavitaka vyuo vya umma vimpime aliyemaliza nyumbani kwa vigezo vilevile wanavyompimia mwingine. Lakini karatasi ya mama peke yake ni nyepesi, kwa hiyo unaizungushia vitu vizito vya nje. SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, anajiandikisha mwenyewe kama mtu yeyote. Na kikubwa kuliko vyote ni koleji za mtaani, hapo Houston mnayo HCC (Houston Community College) na Lone Star, ambazo zinapokea watoto wa sekondari wanaosoma nyumbani, anafanya mtihani wao wa kuingilia unaitwa TSIA2, akipita anasoma kozi ya koleji na inahesabiwa mara mbili, kwako kama sekondari na kule kama chuo. Kijana anayesema napoteza muda, umpe darasa ambalo hakuna anayemwita jina asubuhi na maksi zake ni za chuo kabisa, mara nyingi huko ndo anaamka. Sio wote, ila wengi.

Na lugha. Shule za umma Texas wanataka krediti mbili za lugha isiyo Kiingereza. Watoto wenzao wanahangaika na Kihispania cha kwenye programu ya simu, wewe una Kiswahili cha Tanga ndani ya nyumba! Lakini sio kuongea jikoni tu, fanya kozi, waandike barua kwa bibi kila wiki kwa mkono na bibi azisahihishe kwa simu, wasome gazeti, ngeli wazijue, binti ambaye wamemcheka anavyotamka atafundishwa na mtu anayetamka kama yeye. Hapo hata mimi na ualimu wangu sina cha kukuongeza.

Pesa, kwa kifupi. Unaweza kuanza na chini ya dola mia mbili kwa wote, vitabu vya mitumba vipo vingi sana, usinunue ule mtaala wa maboksi wa dola elfu na mia nane kwenye mwezi wa kwanza, wote tumeununua na wote tumeuuza. Texas walipitisha sheria 2025 ya kuwapa wazazi pesa za elimu kuanzia mwaka wa masomo 2026-27, kwa anayesoma nyumbani ni hadi dola 2,000 kwa mwaka, ila lazima uombe, na wanaangalia hati za ukaazi za mtoto, kwa hiyo iombe kama inakuhusu lakini bajeti usiijenge juu yake.

Watu watasema. Watasema kweli, hapo sikudanganyi. Mimi kuna mtu alipiga simu mpaka kwa mama yangu Korogwe kumwambia wajukuu wako wameacha shule. Nilichofanya ni kumpa mama simu aongee na mjukuu mwenyewe, akamsomea shairi aliloandika kwa Kiswahili, kimekwisha. Wa mtaani usiwajibu, sema tu wako shule binafsi, na kisheria hujadanganya.

Baba yao lakini umemwambia? Wewe umeniandikia mimi, yeye uko naye kwenye simu kila usiku. Asijue hili siku barua imeshatumwa.

MAMA NG'ONDA TENA

Shikamoo Mwalimu. Ulinijibu kwa imeili kabla gazeti halijatoka nikafanya kama ulivyosema, sasa ni mwezi wa pili tangu mwaka uanze. Binti yuko nyumbani tangu Oktoba, tumbo limeacha kabisa, anaenda kwenye kikundi kila Jumatano, juzi kaniuliza kwa nini bahari ya Tanga inajaa na kupwa kiasi kile na ya Galveston hapa Texas haifanyi hivyo, nikalia kidogo. Kaka mtu alisema atatoka na akatoka Januari na krediti zake. Shida ni yeye sasa. Namloweka Mwalimu lakini naona anaoza. Analala mpaka saa saba mchana, usiku mzima macho, nikimwamsha tunagombana, baba yake anasema mrudishe shule.

JIBU

Marahaba. Swali la bahari la binti lina fizikia ya mwaka mzima, mpe ramani na jedwali la maji kupwa na kujaa, bandari ya Tanga na Galveston, aweke kando kwa kando achore mwenyewe, we usimtafutie jibu.

Kijana. Kwanza mwezi mmoja wa kulala kwa mtoto wa 15 haunitishi, mwili wa umri huo unachelewa kulala na kuchelewa kuamka na miaka yote hiyo alikuwa anaamshwa gizani. Lakini miezi miwili inakuja, toa kwenye maji sasa. Kosa ninaloliona ni kwamba saa yake umeishika wewe. Mtoto mkubwa hamkubalii mama kumwamsha, anaamka kwa ajili ya mtu wa nje anayemsubiri. Kwa hiyo acha kabisa kumwamsha na badala yake mtafutie miadi mbili za asubuhi kwa wiki na watu ambao hawatamwelewa akichelewa. Fundi magari, mwalimu wa hesabu wa kulipwa saa nne kamili ambaye pesa inaenda hata asipotokea na inatoka kwenye pesa ya mfukoni ya kijana, kujitolea kwenye benki ya chakula, na hiyo TSIA2 ijisajilie tarehe ya mtihani, sio baadaye, tarehe. Na simu yake inalala chumbani kwako, ukienda kazini unaondoka nayo kwenye mkoba.

Na kuna leseni. Ana 15, Texas umri huo anaweza kuanza leseni ya mwanafunzi, na kozi ya udereva mzazi anaweza kuifundisha mwenyewe mkijisajili kwenye mpango wa jimbo wa wazazi. DPS, idara ya jimbo inayotoa leseni, wanataka uthibitisho kwamba mtoto anasoma, na kwa anayesoma nyumbani mwenye kuuandika na kuusaini ni wewe. Sasa hapo ongea naye kama mkuu wa shule, mwambie mimi siwezi kusaini uongo, masomo yakifanyika wiki sita mfululizo nasaini siku hiyohiyo. Na baba yake ndo dereva wa nyumba, huyo ndo mwalimu wa hiyo kozi, siku akirudi kutoka barabarani. Baba akipata darasa lake atapunguza kusema mrudishe shule.

KUTOKA NAIROBI

Mwalimu mimi nina vijana wa Grade 7 na Form 3, hii mambo ya Texas naweza ifanya hapa Kenya?

JIBU

Usiinakili hivyo ndugu yangu. Kenya hali ni tofauti. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja au vyote. Familia zinazosomesha nyumbani zipo, Nairobi sio chache, na wengi wanatumia mtaala wa Cambridge na mitihani wanaifanya kama watahiniwa binafsi kupitia British Council, lakini wapo wazazi waliofikishwa mahakamani kwa jambo hili. Kwa hiyo wakili kwanza, vitabu baadaye. Na huyo wa Form 3 yuko kwenye kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, mimi nisingemgusa, amalize KCSE yake, mtihani wa kumaliza sekondari. Wa Grade 7 mna muda wa kufikiri.

KUTOKA BIRMINGHAM

Dada Mwalimu, binti yangu yuko Year 10, nimeshaandika barua kwa mkuu wa shule kumtoa, nimeambiwa GCSE, mitihani ya sekondari ya huku, ni juu yangu sasa, nimechanganyikiwa.

JIBU

Ni juu yako kweli, mdogo wangu. Kwa England barua kwa mkuu wa shule mara nyingi inatosha kama ni shule ya kawaida, Scotland ndo wanataka ridhaa ya halmashauri, na Sheria ya Elimu ya 1996 inataka elimu ya muda wote inayomfaa mtoto. Ila ukishamtoa, ada za mitihani unalipa wewe na kituo cha mtihani unatafuta wewe, kituo kinachopokea watahiniwa binafsi. Wengi wanaosoma nyumbani wanachagua IGCSE, toleo la kimataifa la GCSE, kwa masomo mengi kwa sababu unaweza kuyachukua bila kazi za kusahihishwa darasani, na kwa sayansi hiyo inakuokoa sana. Usimbebeshe masomo tisa. Matano au sita, Kiingereza na hesabu zikiwemo, hata akigawa kwa miaka miwili. Leo hii kabla ya kununua kitabu chochote piga simu vituo vitatu vya karibu nawe uulize bodi gani ya mitihani wanafanyisha na mwisho wa kujiandikisha ni lini, mana kitabu cha bodi nyingine ni hasara, na tarehe ikipita unasubiri msimu mwingine.